Injinia wa Chuo cha Juu ya Duka la Rangi

Kosa lilikuwa la baba yake, na mwenyewe alikuja kulikiri baadaye. Alikuwa kinyozi, na kinyozi akishashika kichwa cha mtu hana budi kutafuta la kusema. Basi kwa miezi minne mfululizo, kila aliyekalia kiti chake, awe wa ndevu au wa upara, aliondoka akijua kwamba binti wa kinyozi anakwenda Chuo Kikuu, kile chenyewe, chenye lango la mawe na mnara wa saa, kusomea uhandisi wa majengo.

Binti huyo aliitwa Timazi. Jina alilipata akiwa na miaka sita, aliposimama katikati ya duka la baba yake, akainamisha kichwa upande, akasema kioo kikubwa kimekaa mshazari. Wateja wakacheka. Mwashi mmoja aliyekuwa akisubiri zamu yake akatoa timazi mfukoni, ile kamba yenye kipande cha chuma kizito mwishoni ambayo mafundi hupimia kama ukuta umesimama wima, akaining'iniza kando ya kioo. Kioo kilikuwa mshazari kweli. Tangu siku hiyo jina lake la shuleni likabaki la shuleni.

Majina ya waliochaguliwa Chuo Kikuu yalipotoka, la kwake halikuwemo. Alikosa kwa alama mbili. Binamu yake, mtoto wa shangazi, alikuwemo, tena wa tatu kutoka juu.

Timazi aliingia chumba cha mbele, ambako mama yake alishona sare za shule, akasimama mlangoni na karatasi mkononi. Mama alimtazama usoni, akaimaliza kwanza ile mishono aliyoianza, kisha akaizima cherehani.

"Lia leo," akamwambia. "Kesho tutazungumza."

Kesho yake walizungumza. Kulikuwa na chuo kingine, cha watu binafsi, ambacho kilikuwa kimempa nafasi na kumpunguzia karo nusu kwa sababu ya alama zake za hesabu. Nusu iliyobaki baba angejikaza kisabuni. Shangazi, aliyekuwa amefika kupokea pongezi za mwanawe, akashika kiuno.

"Kile cha juu ya duka la rangi? Kaka, si afadhali mtoto arudie mtihani? Pale watampa cheti kama mtu anavyopewa risiti."

"Na mimi nimeshauambia mji mzima," baba akasema, ameshika tama.

"Basi utauambia tena," mama akajibu. "Mdomo si unao?"

Akauambia tena. Wateja hawakumwacha salama. Mmoja alimuuliza kama binti atasomea uhandisi au atafundishwa kukoroga rangi. Baba alicheka pamoja nao, cheko la meno tu, na siku hiyo ndiyo siku pekee katika miaka ishirini na tatu aliyomkata mtu sikio.

Chuo chenyewe, kusema kweli, hakikuwa cha kupigia picha. Kilikuwa na majengo mawili ya ghorofa nne. La kwanza lilikalia duka la rangi, na madarasa ya ghorofa ya kwanza yalinuka rangi ya mafuta mpaka wanafunzi wakaacha kuisikia harufu yake. La pili lilitazamana na yadi ya matairi. Lango lilikuwa la bati. Maktaba ilikuwa vyumba vitatu vilivyobomolewa kuta vikawa ukumbi mmoja, na mwenye funguo zake alijua kila mwanafunzi amechukua kitabu gani na anakichelewesha kwa sababu gani.

Ila walimu walifika. Hilo Timazi aliligundua wiki ya kwanza na hakulitilia maanani. Kipindi kikiandikwa saa mbili, saa mbili mwalimu yuko mbele na chaki mkononi. Darasa la uhandisi wa majengo lilikuwa na watu kumi na wanne, kwa hiyo hapakuwa na kiti cha nyuma cha kujifichia. Usipoelewa, uso wako unaonekana.

Maabara ilikuwa gereji. Zamani magari yalitengenezwa humo, na shimo la fundi bado lilikuwepo sakafuni, limefunikwa kwa mbao. Mwenye gereji, kama walivyomwita, alikuwa injinia mstaafu aliyejenga madaraja na maghala kwa miaka thelathini kabla ya kushika chaki. Wanafunzi walimpachika jina la Mzee Tena, kwa sababu neno lake lilikuwa hilo hilo. Ukichanganya zege vibaya: "Tena!" Ukichanganya vizuri: "Tena, nione kama hukubahatisha."

Kila Jumanne walivaa buti na kushika sepetu. Saruji, mchanga, kokoto, maji. Walipima, wakachanganya kwa mikono, wakajaza zege kwenye visanduku vya chuma, likaganda likawa michemraba mizito kama tofali la dhambi. Waliilaza ndani ya tangi la maji siku ishirini na nane, kisha wakaipeleka kwenye mashine ya kuvunjia, ambayo huukandamiza mchemraba polepole mpaka upasuke na kutoa namba: zege hili lina nguvu kiasi gani. Mashine ilikuwa moja, kuukuu, ya kijani. Mzee Tena hakuwaruhusu waandike namba peke yake.

"Namba, mtu yeyote anaweza kuisoma," alisema. "Nichoreeni lilivyovunjika."

Wakachora. Mchemraba mzuri uliobanwa sawasawa humomonyoka pande zote nne, na katikati hubaki umbo kama vikombe viwili vilivyogusanishwa matako. Ukiona kona moja imeruka na upande mwingine mzima, kuna jambo. Siku moja mashine yenyewe ilikwama, na Mzee Tena, badala ya kuita fundi, aliwagawia spana. Waliifungua mpaka kiungo cha mwisho. Timazi alirudi nyumbani na grisi mpaka kwenye nyusi, mama akamkataza kukaa karibu na sare za watu.

"Hiki ni chuo au ni jela?" baba akauliza.

"Ni chuo, baba. Leo nimefungua mashine."

"Umeirudishia?"

"Mara mbili. Alisema tena."

Mwaka wa pili alipatwa na unyonge. Alikosa masomo siku mbili, amelala amegeukia ukuta, akifikiria lango la mawe na mnara wa saa. Siku ya pili simu ya kinyozi ililia. Alikuwa Mzee Tena, anauliza mtoto ana homa au ana kingine. Baba alisimamisha mashine ya kunyolea katikati ya kichwa cha mteja. "Mwalimu wa chuo amenipigia mimi," alimwambia mkewe jioni hiyo, kama mtu aliyetembelewa na waziri. "Ananiuliza mtoto wetu yuko wapi."

Binamu ndiye aliyemtoa kitandani. Kijana huyo hakuwa na makuu hata chembe. Alimwalika Chuo Kikuu siku nzima, wakaingia pamoja kwenye ukumbi wenye watu mia nne, mwalimu mbele mdogo kama kidole, sauti yake ikitoka kwenye vipaza sauti. Alifundisha vizuri, tena vizuri sana. Ndiye aliyekiandika kitabu walichokuwa wakikisoma. Maktaba ilikuwa ghorofa tatu, na Timazi alitamani kuhamia humo na godoro. Halafu binamu akampeleka maabara. Mashine ya kuvunjia zege ilikuwa mpya, inang'aa, nyuma ya kioo.

"Mnaitumia lini?" Timazi akauliza.

"Fundi wa maabara ndiye anayeitumia. Sisi tuko wengi, tunatazama, halafu tunapewa namba tunaandika ripoti kwa makundi." Binamu akamgeukia. "Kwani wewe umewahi kuishika?"

"Kila Jumanne."

Binamu akaitazama tena ile mashine nyuma ya kioo. "Nikuazime vitabu," akasema, "na wewe uniambie zege likipasuka linasikikaje."

Wakakubaliana hivyo, na mpango huo uliwafaa wote wawili mpaka wakahitimu.

Baada ya kuhitimu, Timazi alionja upande wa pili wa shilingi. Barua za kazi alizopeleka zilikuwa thelathini na moja. Nyingi hazikujibiwa. Katika ofisi moja, bwana mmoja alisoma jina la chuo juu ya cheti, akakiweka cheti upande wa kushoto wa meza, ambako tayari kulikuwa na rundo, na hakuuliza swali hata moja. Timazi alishuka ngazi akijiambia hatalia barabarani. Hakulia barabarani.

Barua ya thelathini na mbili ilimpatia kazi ya muda, miezi sita, msaidizi wa kupima zege katika kampuni ya usimamizi wa ujenzi. Walikuwa wakisimamia soko jipya la ghorofa mbili. Injinia mkuu wa pale alikuwa mtu wa Chuo Kikuu, mpole, makini, shati lake halikuchafuka hata siku ya mvua. Nyapara wa mkandarasi alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya tarumbeta ambaye kila mtu alimwita Bwana Haraka. Yeye ndiye aliyemwuliza Timazi siku ya kwanza alikosomea, na alipojibiwa alicheka mpaka kofia ngumu ikamwanguka.

"Juu ya duka la rangi! Basi dada, tukimaliza kuta tutakuita upake."

Timazi akaokota ile kofia, akampa, akaendelea na kazi. Siku walipomwaga nguzo kumi na mbili za chini, zitakazobeba soko zima, alijaza visanduku vyake. Utaratibu ulidai michemraba sita. Yeye alijaza tisa, kwa sababu mkono wake ulikuwa umezoea tisa. Mzee Tena hakuwahi kukubali sita. Bwana Haraka akanung'unika kwamba huyu dada anamalizia zege kwenye makopo. Timazi aliandika tarehe juu ya kila mmoja, akailaza ndani ya maji.

Siku ya ishirini na nane mitatu ilipelekwa maabara ya kampuni mjini. Majibu yalirudi kwa karatasi. Kipimo kilichotakiwa ni thelathini. Mashine ilisema ishirini na moja, ishirini, ishirini na mbili.

Eneo la ujenzi likapoa kama msiba. Injinia mkuu aliisoma karatasi mara tatu, akapeleka mitatu mingine. Ishirini na moja, tena. Hapo hakuwa na la kufanya. Zege dhaifu haliwezi kubeba ghorofa mbili zenye watu ndani yake. Aliita kikao ndani ya kontena la ofisi, akatangaza kwamba keshokutwa nguzo zote kumi na mbili zitavunjwa. Mkandarasi akasema kama ni hivyo unga wa nyapara umemwagika, kwani yeye ndiye aliyesimamia mchanganyiko. Bwana Haraka alikaa akiitazama mikono yake.

Timazi alikuwa amekaa karibu na mlango, mahali pa wadogo. Jambo moja lilimkera. Yeye mwenyewe alikuwa amelishika zege lile siku linamwagwa. Alilinusa, alilifinya, alilitazama likikaa. Lilikuwa zege zuri.

"Samahani," akasema. "Ile michemraba ilivunjikaje?"

Vichwa vikageuka. "Si umesikia?" mkandarasi akajibu. "Ishirini na moja."

"Hiyo ni namba. Nauliza umbo."

Hakuna aliyejua. Karatasi haikusema, na hakuna aliyewahi kuuliza. Injinia mkuu alimtazama kwa makini, kama mtu anayejaribu kukumbuka ukurasa aliousoma zamani. "Nenda ukaangalie," akamwambia. "Chukua gari langu."

Nyuma ya maabara ya kampuni kulikuwa na chungu ya vifusi vya miezi. Timazi alipiga magoti akachakura, jua la saa saba likimchoma kisogo, mpaka akaliona andiko la mkono wake juu ya kipande: tarehe ya nguzo. Akapata cha pili, cha tatu, mpaka sita. Kila kimoja kilikuwa kimeruka kona ile ile, na upande wa pili umebaki mzima kabisa, laini kama ulivyotoka kwenye kisanduku.

Alirudi amebeba viwili kifuani kama mtoto mchanga, akaviweka juu ya meza ya injinia mkuu, vumbi likamwagika juu ya ramani.

"Zege halina kosa," akasema. "Mashine ndiyo inayodanganya. Bamba lake la juu linatakiwa kucheza, lijilaze sawasawa. Limekalia kiungo cha mviringo kama cha bega. Kile kiungo kimekwama, kwa hiyo bamba linaegemea upande mmoja na kuivunja michemraba kabla ya wakati wake."

"Umejuaje?"

"Nimevunja mamia, na nimechora kila mmoja. Na mashine kama hiyo nimeifungua kwa mikono yangu."

Injinia mkuu aliupapasa ule upande uliobaki mzima. Hakuwa mtu wa kuona haya kusema kweli. "Mimi nimeusoma mlango mzima wa kitabu kuhusu mashine hii," akasema taratibu. "Nikafaulu vizuri. Kuvunja hata mchemraba mmoja kwa mkono wangu, sijawahi." Akanyanyua macho. "Lakini yote sita imekwisha. Tutathibitisha na nini?"

"Nilijaza tisa," Timazi akasema.

Kesho yake asubuhi magari matatu yalisimama mbele ya duka la rangi. Akashuka injinia mkuu, akashuka mkandarasi, akashuka Bwana Haraka akiwa ameishika kofia yake kwa mikono miwili. Muuza rangi alidhani amepata wateja wa jumla. Timazi akawapitisha kwenye lango la bati, wakakata kona, wakaingia gereji, ambako mashine ya kijani ilikuwa imepimwa na mkaguzi mwezi huo huo na cheti chake kimebandikwa ukutani.

Mzee Tena alikuwa na darasa. Alimtazama Timazi, akaitazama michemraba, hakuuliza habari za nyumbani.

"Asinitajie mtu namba anayoitaka," akawaambia wageni. Kisha kwa wanafunzi wake: "Sogeeni. Chukueni kalamu."

Alimwachia Timazi usukani. Timazi akaufuta mchemraba, akauweka katikati, akalisukuma bamba kwa kidole kuhakikisha linacheza, akaanza kukandamiza. Sindano ikapanda. Ishirini. Ishirini na moja. Bwana Haraka akafumba macho. Ishirini na tano. Thelathini. Ikaendelea kupanda, hadi mlio mkavu ukasikika na vumbi likaruka. Thelathini na nne. Timazi akavitoa vipande: vikombe viwili, matako kwa matako, safi kama mchoro wa kitabuni.

Wa pili, thelathini na tano. Wa tatu, thelathini na tatu.

Bwana Haraka alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, akajifunika uso kwa kofia, mabega yakamtikisika. Hakuna aliyejua kama analia au anacheka. Alipoinuka alikuwa akifanya yote mawili. Alimwendea Timazi, akainamisha kichwa, mtu aliyemzidi miaka ishirini.

"Dada," akasema, "nina watoto watano. Nikikucheka tena, nipasue na hii mashine."

"Umbo lako litanisumbua kuchora," Timazi akajibu, na gereji nzima ikavunjika mbavu, Mzee Tena akiwemo, jambo ambalo wanafunzi walisimuliana mwaka mzima.

Ili isibaki shaka, injinia mkuu aliagiza nguzo mbili zitobolewe na kutolewa vipande vya kupimwa. Navyo vikapita. Mashine ya kampuni ilipofunguliwa, kile kiungo kilikutwa kimegandiana na grisi ya kale na vumbi la zege. Nguzo hazikuguswa tena. Ripoti ilipoandikwa, injinia mkuu aliweka jina la msaidizi wa muda kwenye mstari wa kwanza, na chini yake jina la chuo alichosoma, herufi kwa herufi.

Mkataba wa miezi sita haukufika mwisho. Ulichanwa ukaandikwa wa kudumu. Miaka mitatu baadaye Timazi alikabidhiwa maabara yote ya kampuni. Akiajiri, hatazami juu ya cheti kuna picha ya mnara gani. Humkabidhi mtu mchemraba uliovunjika, akamwuliza, "Huyu amekufa kwa nini?" Wanaojibu vizuri wametoka vyuo vya kila aina, kikiwemo Chuo Kikuu, na kila mwaka mmoja au wawili wametoka gereji. Binamu yake sasa anachora madaraja katika ofisi kubwa, na zege lake hulipeleka kwa Timazi tu. "Mimi nachora," husema, "huyu ananinyima usingizi mpaka zege lipite." Shangazi naye huwaambia watu kwamba yeye ndiye aliyeshauri mtoto apelekwe pale, na hakuna anayembishia, kwa sababu kumbishia shangazi ni kazi ya siku nzima.

Na kinyozi? Kinyozi amepata hadithi isiyokwisha. Wateja wanaoijua hufumba macho wakasinzia, wasioijua huketi mpaka mwisho hata kama nywele zilikwisha zamani. Akifika kwenye ile thelathini na nne, huzima mashine ya kunyolea, asije akakata sikio kwa furaha.

Soko lilipofunguliwa, Timazi alipita asubuhi, kabla ya kazi. Lilikuwa limeshajaa: masufuria yakigongana, watu wakivutana bei, kelele za ghorofani zikishuka kwa ngazi. Akaenda moja kwa moja kwenye nguzo mojawapo ya zile kumi na mbili. Mama mmoja muuza vitambaa alikuwa ameifunga kamba kuizunguka, akaanika bidhaa zake, na mwenyewe ameiegemea kwa mgongo wake wote.

"Unatafuta nini, mwanangu?" akamwuliza.

"Naangalia nguzo, mama."

Yule mama akageuka akaitazama juu mpaka chini. "Ina nini?"

"Haina neno," Timazi akasema. Akachagua kitambaa cha bluu kwa ajili ya mama yake, akavuka barabara kwenda kazini.